Hela ya Matumizi na Moto wa Jikoni

Hotuba ya mwalimu mstaafu wa Sayansi Kimu kwenye sherehe ya kuvunja mzunguko wa kikundi cha kuweka na kukopa, Ngamiani, Tanga

Mwenyekiti wa kikundi, mweka hazina, viongozi wa dini mliopo, kina mama wenzangu, na ninyi kina baba mliokuja kusikia wake zenu wamevuna ngapi mwaka huu. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Wale wa habari za jioni nao, habari za jioni.

Nimeambiwa nina dakika 20 za kuzungumzia matumizi ya nishati majumbani. Nimefundisha miaka 31, na mwalimu aliyezoea kengele akipelekwa ukumbi usio na kengele, ninyi wenyewe mnajua yanayofuata. Mwenyekiti, uninyanyulie mkono nikizidisha.

Mlipoingia mlionjeshwa maharage kutoka hotpoti mbili. Moja imefungwa utepe mwekundu, nyingine wa kijani. Maharage yametoka gunia moja, nazi zimetoka kwa muuzaji mmoja, chumvi nimetia mimi mwenyewe. Hotpoti moja ina maharage ya mkaa, nyingine ina maharage ya presha kuka ya umeme. Kila mmoja ashike jibu lake. Mtanijibu kabla ya chakula.

Sasa tuanze. Kwetu, kijana akioa tunasema amepata jiko. Siku hizi wanasema amevuta jiko. Nilipokuwa darasani niliwaambia wasichana neno hilo walikasirikie, na mpaka leo naona wana haki. Lakini jioni hii naomba tuliazime kwa kazi nyingine, maana lina siri ndani yake. Hatusemi amepata kitanda, hatusemi amepata paa. Jirani akisema "kwa fulani leo hakujafuka moshi," hana habari na moshi. Anasema wale watu wamelala na njaa. Basi anapokuja bwana wa mradi na karatasi yake, akamwambia mama, "Acha moshi huu, ni ghali na unakuharibu kifua," amesema kweli tupu. Ila amezungumza na pochi na mapafu. Aliyekuwa amesimama mbele yake ni mke wa mtu, mama mkwe mtarajiwa, na mpishi ambaye jina lake mtaani linategemea wali wake.

Wazee walisema jifya moja haliinjiki chungu. Mafiga ni matatu. Msicheke, sizungumzii yale ya uchaguzi, ya rais, mbunge na diwani. Wiki iliyopita, kwa ruhusa zenu, nilipita nyumba 12 za wanakikundi nikachungulia jikoni. Katika nyumba 9 nilikuta mafiga matatu ya kisasa: mtungi wa gesi wa kilo 6, jiko la mkaa, na kitu kimoja cha umeme. Kwa wengine ni birika, kwa wengine sufuria la wali, na kwa wawili ni lile jiko la koili linalolala chini ya kitanda ili mwenye nyumba asilione. Gesi ni ya chai ya alfajiri, ya mgeni wa ghafla na ya yai la baba. Mkaa ni wa maharage, makande, utumbo na wali wa nazi. Umeme ni wa haraka na wa siri.

Wataalamu wakiona hivi wanashika kichwa: mama amepewa mtungi, mbona bado anachoma mkaa? Mimi naona mama ana akili. Umeme ukikatika saa moja usiku na maharage yako nusu, utamlisha nani maelezo? Gesi ikiisha tarehe 23 na mshahara ni wa tarehe 28, ni lile jiko lililotupwa uani litakalowalisha watoto. Mtu aliyeishi na mgao wa umeme hawezi kuweka chungu chake juu ya figa moja, hata ulipake rangi namna gani.

Na tusidhani mkaa ni masalia ya ushamba yatakayokwisha yenyewe watu wakihamia mjini. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilionyesha kuwa Dar es Salaam, mji wenye umeme na maduka ya gesi, kaya zinazopikia mkaa zilitoka asilimia 47 mwaka 2001 zikafika asilimia 71 mwaka 2007. Zilipanda. Halafu mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa sana ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli na petroli kwa mafuta hayo, na majiko ya mchina yanayoyatumia yakaanza kuota kutu. Waliokuwa wakipikia majiko yale walikwenda wapi? Wengi walikwenda kwa muuza mkaa wa kona. Huko Handeni na Kilindi miti ikawalipia, maana kwa tanuri letu la kufukia na udongo, kilo 10 za kuni zinatoa kilo 1 ya mkaa, ukibahatika 2.

Kwa nini kwa muuza mkaa? Hapa ndipo penye hotuba yangu, hayo mengine ni mchuzi.

Asubuhi baba anaacha elfu kumi mezani. Au elfu tano. Au anasema, "Ngoja nikifika kazini nitatuma kwa simu." Hiyo ndiyo hela ya matumizi. Humo mna samaki, nyanya, kitunguu, mafuta ya kupima, unga, nauli ya mtoto, na mkaa. Hela iliyokuja ya siku inatumika ya siku. Muuza mkaa anaijua tabia hiyo kuliko mwanauchumi yeyote. Ana gunia, ana ndoo, ana sado, ana kopo, na ukimbembeleza anakufungia mfuko wa mia tano. Mtungi wa gesi hauna adabu hiyo. Unataka elfu ishirini na ushee siku moja, mkono kwa mkono. Mama anayenunua mkaa kila siku anatoa kwa mwezi pesa kuliko ya mtungi, na analijua hilo, na hesabu yake atakupigia kunishinda mimi. Tatizo ni kwamba katika asubuhi 30 za mwezi hakuna hata moja ambayo elfu ishirini na kitu zilikuwa mkononi mwake na hakuna mtu nyumbani anayesubiri kula.

Ndiyo maana LUKU iliingia kwetu bila kusukumwa. Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo: jina tu ni desturi yetu. Unanunua umeme wa elfu mbili kama unavyonunua mafuta ya kupima, ukiisha unajua umeisha. Ankara ya mwisho wa mwezi ilikuwa ya watu wenye mwezi. Sisi wengi tuna siku.

Kuna na suala la nani anaamua. Kina baba, nivumilieni kidogo. Televisheni kubwa ukutani ilinunuliwa siku moja, kwa mkopo, na hakuna aliyeuliza itakula uniti ngapi. Presha kuka ambayo haifiki hata robo ya bei yake ina mwaka wa nne inaambiwa "tutaangalia." Televisheni inaonwa na wageni. Presha kuka inaonwa na maharage. Anayetoa pesa kubwa hapiki, anayepika hashiki pesa kubwa, na kati ya hao wawili ndimo mkaa ulimokaa, tena umekaa vizuri.

Sasa nije kwenye dhambi yangu.

Nina nyumba ya wapangaji, ile ya vyumba sita yenye ukumbi katikati, mnaijua. Familia sita na mimi wa saba, mita moja. Ukutani nilibandika karatasi: marufuku jiko la umeme, marufuku hita ya kuogea, pasi mwisho saa mbili usiku, mwenye friji anaongeza mchango. Karatasi ilikuwa na mwandiko mzuri sana, mwandiko wa mwalimu. Ukiacha hiyo nyongeza ya friji, pesa ya umeme tulichanga sawa kwa sawa, maana usawa ndiyo amani ya uani.

Mchango wa sawa una tabia yake. Anayezima taa anamwekea akiba jirani anayeacha redio ikiongea peke yake. Basi kwa nini azime? Kila mtu anawasha kwa kuogopa kuliwa na mwenzake. Na palepale wanachungana. Uniti zikiisha mapema, macho yote yanakwenda kwenye mlango wa mwenye pasi. Mama wa chumba cha tatu, mwenye watoto wanne wa shule, aliacha kupiga pasi za asubuhi kwa kukimbia maneno. Akaenda sokoni akanunua pasi ya mkaa. Hakuna bei iliyomrudisha kwenye mkaa yule mama. Ni sisi, na karatasi yangu.

Mwaka jana mjukuu wangu anayesoma uhasibu akakaa na risiti zetu. Akaniuliza, "Bibi, unajua mnalipa bei ya matajiri?" Nikamwambia aheshimu wakubwa. Akanionyesha. Shirika la umeme lina kundi la watumiaji wadogo wa majumbani, linaitwa D1. Ukiwa huzidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, uniti ni shilingi 100, na ukijumlisha kodi na tozo ni 122. Kundi la kawaida, T1, uniti ni 292, na kodi na tozo zake inafika 356 na senti. Kila familia kwangu haikuwa inazidi uniti 30, ni watu wa taa tatu, simu na televisheni. Lakini mita haijui familia. Mita iliona uniti 210 zimepita kwenye waya mmoja, ikasema hapa pana mtu mkubwa. Uniti 210 kwa bei ile ni karibu shilingi 74,800. Familia hizohizo, kila moja na mita yake na uniti zake 30, zingelipa shilingi 3,660 kila moja. Zote saba 25,620. Yaani kila mwezi tulikuwa tunatupa zaidi ya shilingi 49,000 kwa kosa la kuishi pamoja.

Sikulala vizuri siku ile. Kuishi pamoja ndiyo akiba kubwa ya Mswahili: ukuta mmoja, choo kimoja, uani mmoja, kisima kimoja, mtoto wako analelewa na macho kumi. Umeme peke yake ndio umegeuza akiba hiyo kuwa faini. Karatasi nimeibandua. Nimeweka mita ndogo za kusomea kwenye kila chumba, kila mtu anaona chake. Mwezi wa kwanza tu taa za ukumbini zilianza kuzimwa na watu ambao sikuwahi kuwaona wakigusa swichi. Bei lakini bado ni ileile ya juu, kwa sababu mita kamili ya shirika, hapa mjini, inazidi laki tatu kila moja. Nimeanza na mbili. Na kuhusu kodi ya jengo ambayo tangu mwaka 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU, mpangaji ananunua umeme huku analipia jengo la mwenziwe, ugomvi huo namwachia mwenyekiti wa mtaa, namwona pale nyuma anajificha.

Hata mwenye mita yake ana hofu yake. Mmoja wenu aliniambia, "Mwalimu, mimi niko kwenye uniti 75, nikianza kupikia umeme nitatolewa." Hofu ya kweli. Uniti ya 76 na kuendelea inauzwa 350 kabla ya kodi, na ukizoea kuzidisha unahamishwa kundi. Nimempigia hesabu yake. Maharage ya nusu kilo, yaliyolowekwa, kwenye presha kuka yangu yamekula chini ya nusu uniti. Nimesoma mita kabla na baada. Akipika hivyo mara tatu kwa wiki haongezi hata uniti 7 kwa mwezi, na yeye hutumia 50. Nafasi anayo. Ila angejuaje? Hakuna aliyekwenda kukaa naye jikoni na mita mkononi. Aliambiwa tu kwenye redio kwamba umeme ni nishati safi.

Ngojeni nimtetee mama yangu kidogo, Mungu amrehemu, maana nyie vijana mnadhani kubana nishati kumeletwa na semina. Kwetu Pangani, usiku mama alikuwa anafukia kaa kubwa jivuni. Alfajiri analifukua, anawekea makumbi na vifuu vya nazi, moto huo. Kiberiti kimoja kilikaa mpaka kikalowa chenyewe. Jirani aliyekosa moto alikuja na kigae, akapewa kaa, akaondoka na habari za mjini. Maharage yalilala majini usiku kucha. Kwenye makande alitupia magadi, na mimi nilikuja kujua chuoni kwamba magadi yanalainisha ganda na kufupisha muda wa moto. Nikajua pia kuwa yakizidi yanaua vitamini, hilo mama hakulijua, kwa hiyo tumetoka sare. Wali ulipokauka alivuta makaa ya chini, akayapalia juu ya mfuniko, akauacha ujimalize kwa joto ambalo lilikuwa linakufa hata hivyo. Hakuna kaa lililokufa bure mikononi mwa yule mwanamke.

Kupalia huko ndiko kunakowashinda watengeneza majiko. Utapalia wapi kwenye gesi? Mkate wa kumimina unataka moto chini na moto juu. Wali wa nazi usiopaliwa, mama mkwe ataula na atausifia, lakini kwa sauti ile mnayoijua. Na ugali? Mweke mwanamke mwenye nguvu asonge ugali wa watu tisa juu ya jiko dogo la plate moja lililokaa kichwani kwa mtungi wa kilo 6. Unayumba kama dau. Aliyelibuni hajawahi kusonga.

Tuna na ubadhirifu wetu, sitaki kuuficha. Baba akichelewa, mkaa unaongezwa, kwa sababu chakula chake hakiliwi baridi. Anaweza kuchelewa saa mbili, jiko linawaka saa mbili, linachemsha hewa. Mnajua nini kilipunguza hilo? Hakuna kampeni iliyolipunguza. Ni hotpoti. Hotpoti imeokoa magunia ya mkaa katika mji huu, na hakuna mtu aliyeinunua kwa ajili ya mkaa. Ilikuja kama zawadi ya kicheni pati, ina maua ubavuni, inapendeza mezani, na chakula cha baba kinabaki cha moto. Heshima imebaki palepale, kaa moja halikuongezwa. Ningekuwa waziri ningeitafakari hotpoti wiki nzima.

Na msidhani haya ni ya Waswahili tu. Mwaka 1996 Harold Wilhite na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha nyumba za Oslo, Norway, na nyumba za Fukuoka, Japani. Wa Oslo walipasha joto nyumba nzima, wakawasha taa ndogondogo nyingi kwenye pembe za sebule, maana kwao sebule yenye taa moja ya dari haikaribishi mtu. Wa Fukuoka walipasha chumba walichokaa tu, au miguu tu, chini ya meza iliyofunikwa blanketi. Taa yao moja, ya dari, basi. Ungesema Wajapani wamezaliwa wabanifu. Nenda nao bafuni sasa. Hapo walitumia maji ya moto bila huruma, kwa sababu kuoga jioni kwao ni kupumzika, ni kuitua siku. Kila watu wana mahali wanapobana bila hata kuhisi wamebana, na mahali ambapo ukiwaambia wabane umewatukana. Kwetu mahali hapo ni chakula cha mgeni na nguo iliyonyooka. Mtanzania atalala gizani kuokoa uniti, lakini hatoki nje na shati lenye mikunjo.

Anayejua hilo hufanikiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wenzetu wa Kenya walitengeneza lile jiko la mkaa lenye udongo wa kuchoma ndani, wazo likiwa limetoka Thailand. Lilipunguza mkaa kwa theluthi na zaidi. Lakini tazameni walichokiacha: umbo karibu lilelile la jiko la bati, mkaa uleule, sufuria lilelile, mafundi walewale wa jua kali. Mama hakuambiwa abadilike, aliambiwa achukue jiko. Likaenea Kenya, likavuka mpaka mpaka kwetu. Halafu linganisheni na jiko la jua, lile kama sinia la vioo, lililogawiwa sehemu nyingi na likaishia kuanikiwa dagaa. Linapika saa sita mchana, sisi chakula chetu kikubwa ni cha usiku. Na linapikia nje. Nani atapika hadharani mtaa wote ujue leo kwake ni mchicha mtupu?

Nyumba zenyewe nazigusa tu nikipita. Babu zetu wa pwani walijenga kuta nene za mawe na chokaa, baraza nje, upepo ukipita. Leo tunaweka bati, tunalizuia joto lake kwa jipsamu, tunaziba ukuta kwa vioo vya aluminiamu kwa sababu ndivyo nyumba ya mwenye pesa inavyoonekana, kisha tunanunua kiyoyozi kupigana na nyumba tuliyojenga wenyewe. Hiyo ni hotuba nyingine na mwenyekiti ameshaanza kunyanyua mkono.

Basi nimalizie shughuli iliyonileta. Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya jumla ya megawati 2,115. Umeme upo kuliko wakati wowote nilioishi. Kinachokosekana ni daraja kati ya megawati hizo na elfu kumi ya mezani, na daraja hilo naliona limekaa mbele yangu, limevaa sare za vitenge.

Ninyi mnajua mchezo wa vyombo. Mmeshachezeana masufuria, mmechezeana mapazia, nyumba zenu zimejaa vikombe visivyonywewa. Mzunguko unaoanza Januari naomba mwenyekiti aweke ajenda mbili. Ya kwanza, mchezo wa presha kuka, kila wiki zitoke mbili. Ya pili ni ya gesi, na hii nimeifikiria sana. Mtungi ukiisha, kikundi kinakujazia siku hiyohiyo. Wewe unamlipa mweka hazina elfu moja kila siku mpaka deni liishe, ileile elfu moja uliyokuwa unampa muuza mkaa, asubuhi ileile, kutoka elfu kumi ileile. Baba hata asijue kitu kimebadilika, mpaka aone macho yako hayatoi machozi. Jiko la mkaa usilitupe. Liache uani, la kupalia na la siku ya mgao.

Haya, maharage. Wanaosema utepe mwekundu ni ya mkaa, mikono juu. Wengi. Wanaosema kijani ni ya mkaa? Karibu nusu. Na bwana yule wa mbele kanyanyua mara zote mbili.

Mkaa ni kijani.

Mnaguna! Sasa Bi Mkubwa pale ukutani, ambaye hakutikisika hata nilipozungusha hotpoti, ulinyanyua kijani tangu mwanzo. Mpeni kipaza sauti. Umejuaje, mama? Moshi?

Anasema hakusikia moshi wowote. Anasema haya ya mwekundu rojo lake jepesi, maharage yameiva lakini hayakupata muda wa kukaushiwa maji, tui limeelea juu.

Ni kweli, mama. Presha kuka haitoi mvuke, maji yakiingia yanabaki humohumo, na mimi nilipima yaleyale ya sufuria la kawaida. Kesho nitapunguza kikombe kizima, na tui nitalitia mfuniko ukiwa wazi. Utakuja kuonja? Anasema nimtume mtoto amletee.